Kazi ya mauzo inabadilika: Mambo ambayo muuzaji na mnunuzi wanafaa kujua

Kijana anayemaliza masomo na kuanza kutafuta kazi hapa Kilifi hakosi kukutana na tangazo la kazi ya mauzo. Mara nyingine anatakiwa kuuza simu, mara nyingine bima, taa za sola, mbegu au vipodozi. Mama anayeuza vitenge Mtwapa, mkulima wa maembe Magarini na mvuvi anayepelekea hoteli samaki Watamu nao wanafanya kazi hiyohiyo, hata kama hawajaandikiwa cheo cha afisa wa mauzo.

Kazi hii inabadilika kwa kasi. Baadhi ya shughuli ambazo muuzaji alilipwa kuzifanya sasa zinafanywa na simu, na nyingine mpya zimezuka ambazo hazikuwepo miaka 20 iliyopita. Zipo pia sheria mpya ambazo mfanyabiashara mdogo anaweza kuzivunja bila kujua, akajikuta na faini.

Chini ya Katiba, ustawishaji wa biashara, masoko, leseni za biashara na uhakikishaji wa biashara ya haki ni baadhi ya majukumu ya serikali za kaunti. Kwa sababu hiyo, makala haya yanaeleza kinachobadilika, kinachobaki palepale, na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua.

Nini hasa kimebadilika?

Zamani muuzaji alikuwa na mambo matatu mkononi: bidhaa, habari za bei, na njia ya kupokea pesa. Mwenye duka kule Bamba au Kaloleni alimsubiri msambazaji aje na gari kutoka Mombasa. Bei aliyotajiwa ndiyo aliyoijua. Ikiwa msambazaji hakufika wiki hiyo, rafu zilibaki tupu.

Simu ilivuruga mpangilio huo hatua kwa hatua. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kutuma pesa hakukuhitaji tena safari. Mwaka 2013 ikaja huduma ya Lipa na M-Pesa, na duka dogo likaweza kuwa na nambari yake ya Till. Mapema mwaka 2018 ikazinduliwa programu ya WhatsApp Business, na mtu asiye na duka akaweza kupanga bidhaa zake kwa picha na bei, mteja akazitazama akiwa nyumbani.

Kwa hivyo mteja wa leo huja akiwa na habari. Ameshaona bei katika kurasa tatu za Facebook, ameuliza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wake, na pengine ametazama video ya TikTok inayoeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi. Muuzaji anayemsomea tu bei na kusifu bidhaa hamuongezei lolote.

Anachokihitaji mteja huyo ni mtu wa kumsaidia kuchagua. Kati ya pampu hizi mbili, ipi itavuta maji kutoka kisima chenye kina kama cha kwangu? Mbegu hii itafaa udongo wa mchanga? Ikiharibika, nitaipeleka wapi? Hapo ndipo thamani ya muuzaji ilipohamia. Anayejua kujibu maswali kama hayo kwa ukweli bado ana kazi, na ataendelea kuwa nayo.

Kazi zinazopungua na zinazoongezeka

Kazi ya kuzunguka madukani kuandika oda ndiyo iliyo katika hatari zaidi. Mwenye duka anaweza kutuma oda kwa simu, na mauzo yake yakaonekana kwenye kompyuta ya msambazaji papo hapo. Mtu aliyelipwa kubeba kitabu cha oda anabaki bila shughuli, isipokuwa ajifunze jambo jingine: kumshauri mwenye duka bidhaa ipi inatoka haraka, ipi imekaribia kuisha muda wake, na namna ya kupanga mtaji.

Upande wa pili, bidhaa zinazohitaji maelezo zinaongeza kazi. Mfano mzuri hapa nchini ni uuzaji wa vifaa vya sola kwa malipo ya kidogokidogo. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanzia Nairobi, iliingia sokoni mwaka 2012. Mteja alilipa kiasi fulani mwanzoni, akachukua kifaa nyumbani, kisha akaendelea kulipa kila siku kupitia M-Pesa. Asipolipa, kifaa hujifunga hadi alipe. Mtindo huo sasa unatumika pia kuuza simu na pikipiki za umeme.

Tazama jinsi mpango huo unavyobadilisha kazi ya muuzaji. Katika mauzo ya taslimu, shughuli huisha pale mteja anapotoa pesa. Katika mauzo ya kidogokidogo, siku ya kukabidhi bidhaa ndiyo mwanzo. Muuzaji akimdanganya mteja kuhusu bei ya jumla, au akimpa kifaa mtu asiye na uwezo wa kulipa, hasara itajitokeza baadaye: malipo yatakwama, kifaa kitarudishwa na jina la muuzaji litaharibika mtaani. Ukweli wa siku ya kwanza umekuwa sehemu ya hesabu ya biashara.

Kwa mteja pia kuna somo. Kabla ya kusaini, uliza jumla ya pesa zote utakazolipa hadi mwisho, si malipo ya siku pekee. Shilingi 50 kwa siku zinasikika kama kitu kidogo, lakini kwa mwaka mzima ni Sh18,250.

Teknolojia pekee haiuzi

Wapo wanaoamini kwamba ukiwa na programu nzuri ya simu, wateja watakuja wenyewe. Historia ya karibuni hapa Kenya inatushauri tuwe waangalifu.

Kampuni ya Copia ilianza mwaka 2013 ikiwalenga wakazi wa vijijini na pembezoni mwa miji. Mteja aliagiza bidhaa kupitia wakala wa karibu, mara nyingi mwenye duka anayemfahamu, kisha mzigo ukaletwa hapo. Wazo hilo lilisifiwa sana na likavutia wawekezaji. Hata hivyo, Mei 2024 kampuni hiyo iliwekwa chini ya wasimamizi wa kufilisi na kunusuru biashara. Miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa 2023, Jumia ilikuwa imefunga huduma yake ya kupeleka vyakula hapa Kenya na katika nchi nyingine ilikohudumu.

Kila biashara huwa na sababu zake, lakini ugumu mmoja unajulikana na yeyote aliyewahi kusafirisha mzigo: kupeleka bidhaa ndogo hadi kwa mteja aliye mbali ni ghali. Faida ya pakiti ya unga haiwezi kulipia boda boda ya kilomita 20.

Kwa muuzaji wa Kilifi, hili ni jambo la kupigia hesabu kabla ya kuchapisha tangazo. Ukiuza kiatu kwa mteja wa Marafa ilhali wewe uko Mtwapa, nani analipia matatu? Mzigo ukipotea, hasara ni ya nani? Mteja akikataa kiatu kwa sababu hakimtoshi, kitarudi vipi? Andika majibu hayo wazi pamoja na bei. Wauzaji wengi wanaofanikiwa huwakusanya wateja wa sehemu moja na kupeleka mizigo kwa siku maalum, badala ya kukimbizana na kila oda.

Daftari la wateja

Kampuni kubwa hutumia programu ghali kuhifadhi habari za wateja wao. Mfanyabiashara mdogo anaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa daftari la kawaida au jedwali kwenye simu.

Tuseme unapelekea hoteli tatu maembe. Ukiandika kila hoteli ilinunua kilo ngapi, siku gani, aina gani, ililipa lini na ililalamikia nini, baada ya msimu mmoja utaona mambo ambayo kichwa hakiwezi kuyakumbuka. Utajua hoteli ipi huongeza oda mwezi wa Desemba, ipi hukawia kulipa, na ipi ilipunguza ununuzi baada ya mzigo mmoja kufika umepondeka. Msimu ujao utakwenda kwa mnunuzi na mapendekezo badala ya maombi.

Daftari hilo pia linasaidia kwenye deni. Kukopesha ni sehemu ya biashara yetu, na mwenye duka asiyekopesha hupoteza wateja. Lakini deni lililoandikwa tarehe, kiasi na siku ya kulipa halileti ugomvi kama deni lililobaki mdomoni. Mali bila daftari huisha bila habari, na wazee hawakukosea.

Jambo la tatu ni kufuatilia. Baada ya kuuza, mpigie mteja siku chache baadaye umuulize kama bidhaa inafanya kazi. Ikiwa ipo kasoro, utaijua kabla haijafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ikiwa ameridhika, huo ndio wakati wa kumuomba akuelekeze kwa mwenzake.

Nambari ya simu ya mteja si mali yako

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapoteleza. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019. Inasema kwamba huwezi kutumia taarifa za kibinafsi za mtu kwa manufaa ya kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Jina, nambari ya simu na picha ni taarifa za kibinafsi.

Kwa lugha ya dukani, maana yake ni hii:

- Mteja akilipa kupitia Till, hilo halikupi ruhusa ya kumtumia matangazo. Muulize kwanza, na akikataa, heshimu.
- Usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp la biashara bila kumuuliza. Ukifanya hivyo, unafichua nambari yake kwa watu asiowajua.
- Kila ujumbe wa matangazo uwe na njia rahisi ya mteja kujiondoa.
- Usiuze wala kugawa orodha ya nambari za wateja wako.
- Usichapishe picha ya mteja, hata akiwa anatabasamu na bidhaa yako mkononi, kabla hajakubali.

Hilo la mwisho si jambo dogo. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila idhini yake. Sheria inaruhusu adhabu ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Dawa yake ni rahisi: omba ruhusa kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi, na uhifadhi jibu.

Malipo, risiti na kodi

Malipo ya simu yamerahisisha biashara, lakini yamewapa walaghai njia mpya. Wapo wanaotuma ujumbe unaofanana na wa M-Pesa kutoka nambari ya kawaida, kisha wanaondoka na bidhaa. Usitoe mzigo kwa kutazama simu ya mteja. Thibitisha kwenye simu yako mwenyewe au kwenye salio lako. Mtu akikupigia kudai ametuma pesa kimakosa na kukusihi uzirudishe haraka, usizitume wewe. Mwambie atumie ujumbe wa muamala wake kwa nambari 456 ili mtoaji wa huduma ashughulikie.

Jambo lingine ni ankara. Tangu Januari 1, 2024, mfanyabiashara hawezi kuondoa gharama kwenye hesabu ya kodi ya mapato bila ankara ya kielektroniki ya eTIMS, isipokuwa kwa gharama chache zilizosamehewa. Ndiyo maana hoteli, shule za kibinafsi na kampuni zinauliza ankara hiyo hata kwa nyanya na samaki. Muuzaji asiyeweza kuitoa anaweza kupoteza mteja mkubwa kwa mwingine anayeweza, hata kama bidhaa yake ni bora zaidi. Kujisajili hufanywa na Mamlaka ya Ushuru Kenya, na mfanyabiashara mdogo anaweza kutoa ankara kupitia simu.

Biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, kiwango kilichoanza Julai 2023. Kodi hiyo hutozwa kwenye mauzo yote, si faida. Kwa hivyo ni muhimu kuijumlisha unapopanga bei, badala ya kuikumbuka mwisho wa mwezi.

Akili unde dukani

Programu za akili unde sasa zinapatikana kwenye simu ya kawaida ya kisasa. Zinaweza kuandika tangazo, kupanga majibu ya maswali ambayo wateja hurudia kila siku, na kujumlisha hesabu za wiki. Mwenye nyumba za wageni Malindi anaweza kujibu barua ya mgeni kwa Kiitaliano bila kuajiri mkalimani.

Zina udhaifu wake. Programu hizi hutunga jibu hata pale zisipojua, na hulitoa kwa ujasiri uleule. Zinaweza kuahidi bei usiyoiweka, au kudai kwamba mafuta yako ya nazi yanaponya ugonjwa. Mbele ya mteja, aliyeahidi ni wewe. Soma kila neno kabla ya kutuma, na usiingize majina, nambari za simu au vitambulisho vya wateja kwenye programu hizo.

Kazi ambayo programu haiwezi kukufanyia ni ile ya kujua kwamba mteja fulani ananunua kwa ajili ya harusi ya bintiye, au kwamba mwingine ananyamaza kwa sababu bei imemshinda na anaona haya kusema.

Kwa kijana anayeitwa kwenye kazi ya mauzo

Kazi ya mauzo inaweza kukupa ujuzi utakaokufaa maisha yako yote. Lakini nyingi hulipwa kwa kamisheni, na baadhi ya matangazo ni mitego. Kabla ya kukubali, uliza:

1. Je, kuna mshahara wa msingi, au ni kamisheni pekee? Kamisheni ni asilimia ngapi, na hulipwa lini?
2. Nauli na muda wa maongezi wa simu vinalipwa na nani?
3. Mteja akirudisha bidhaa au akiacha kulipa, je, kamisheni yangu inakatwa?
4. Bidhaa ikiibiwa mikononi mwangu, nani anagharamia?
5. Mkataba uko wapi? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi.

Kazi inayokutaka ulipe kwanza ada ya usajili, au inayokulipa kwa kuleta watu wapya badala ya kuuza bidhaa, ikimbie. Huo ni mchezo wa piramidi, na wanaoingia mwisho ndio wanaolia.

Kwa mnunuzi

Mabadiliko haya hayamhusu muuzaji pekee. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari za kumwezesha kunufaika nazo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Haki hizo hazipotei kwa sababu umenunua mtandaoni.

Unaponunua bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, unaweza kuihakiki mwenyewe. Tuma herufi SM, alama # na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023, na utaletewa jibu lenye jina la bidhaa na la mtengenezaji. Muuzaji mwaminifu hataudhika ukifanya hivyo mbele yake. Mwerevu atakufanyia yeye mwenyewe kabla hujamuomba.

Sokoni, angalia kama mizani imepigwa muhuri wa ukaguzi. Ukitilia shaka kipimo, ripoti kwa afisa wa vipimo wa kaunti.

Pa kuanzia

Si lazima ubadilishe kila kitu kwa siku moja. Wiki hii, fungua daftari la wateja na uandike mauzo yote kwa siku saba. Wiki ijayo, hakikisha leseni yako ya biashara haijapitwa na wakati, kisha ujisajili kwa eTIMS ikiwa unauzia taasisi au unataka kuanza kuziuzia. Wiki ya tatu, piga picha safi za bidhaa zako tano zinazotoka zaidi, uziweke mtandaoni pamoja na bei halisi na gharama ya usafiri. Bei ikifichwa na mteja kuambiwa aulize kwa ujumbe wa siri, wengi huondoka bila kuuliza.

Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wakumbuke pia kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengwa kwa ajili yao chini ya mpango wa AGPO. Kuiuzia serikali ni mauzo kama mengine: kunahitaji usajili, stakabadhi zilizo sawa na bidhaa inayofika kwa wakati.

Kwa maswali kuhusu leseni, masoko na vipimo, fika katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yako au umuone msimamizi wa wadi. Huduma kadhaa za serikali ya kitaifa zinapatikana katika vituo vya Huduma. Beba kitambulisho chako cha kitaifa, na ikiwa umeshaanza daftari la mauzo, libebe pia. Afisa atakushauri vyema zaidi akiona biashara yako ilivyo.